Mkanda Mwekundu wa Sharubu

Niliondoka Kilwa Masoko asubuhi moja ya Ramadhani bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mali yangu yote ilikuwa kiboksi cha mbao chenye bisibisi, koleo na nyaya za redio, pamoja na mfuko wa nguo. Kama ungenikuta kwenye kona ya soko ukaniuliza, ningekujibu kwamba naenda Lindi; ungeniuliza tena baada ya hatua kumi, ningekujibu Dar es Salaam. Lori la kwanza kusimama lilikuwa na shehena ya chumvi na lilielekea kaskazini, basi na mimi nikawa mtu wa kaskazini. Nilipanda juu ya magunia, nikakaa, na sikugeuka nyuma. Wapo wanaosimulia kwa fahari kwamba hawakugeuka nyuma. Mimi sikugeuka kwa sababu nilijua kilichokuwa nyuma: uani kwa Bi Zuhura, kwenye banda la kuni, alikuwepo mbwa mdogo aliyekaa akingoja nimpelekee maji, maana kila asubuhi nilimpelekea maji.

Nimekaa miji mingi na nimefanya kazi nyingi, na karibu zote naweza kuzisimulia huku nikicheka. Habari ya mwaka ule niliipita kila mara, kama mtu anavyopita nyumba ya anayemkimbia. Nisingeiandika hata sasa kama si mwanamke mmoja aliyekuja mwaka jana kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, karibu na stendi ya Lindi, akiwa na simu iliyopasuka kioo. Alinikabidhi simu, akasoma kibao changu chenye jina langu, akaniangalia, akakisoma tena.

“Samahani, kaka. Uliwahi kukaa Masoko? Kwa Bi Zuhura wa vitumbua?”

Nikaweka bisibisi chini. Nikasema niliwahi.

“Mimi Rukia, binti yake. Wewe hukuniona, mwaka ule nilikuwa nimeolewa Songo Mnara. Ila mimi nakujua.”

“Unanijuaje?”

“Kwa mbwa,” akasema, akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. “Mama ametutoka. Masika hii. Tumeshamaliza hitima.”

Nikasema yale ambayo mtu husema. Akakaa kwenye kibao cha wateja akingoja kioo, na katika muda huo akaniambia jambo jingine kuhusu mama yake, jambo ambalo nitalifikisha mahali pake. Alipoondoka nilifunga kibanda, saa sita mchana, wateja wakiwa wamesimama.

Mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Vitu tulivyozoea kuvisikia kwa jina tu vilikuwa vimefika hadi Masoko: redio za kaseti kutoka Dubai, mitumba ya kila rangi, sabuni zenye harufu ya matunda. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kule Newala, si kwa ujinga wala kwa shida, bali kwa sababu barabara ilipita mbele ya shule na nilitaka kujua inaishia wapi. Redio nilijifunza kwa kuzifungua. Bi Zuhura alinipangisha chumba cha uani chenye dirisha moja lililoangalia jiko lake, na nilizibandika kuta zake kwa makasha ya redio, nikawa nalala nimezungukwa na picha za redio ambazo sikuwa na uwezo wa kununua. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, asiyepandisha sauti. Alfajiri nilisikia mchi wake ukitwanga mchele uliolowekwa tangu jana, kisha ikaja harufu ya tui na iliki ikipita dirishani, na kabla sijanawa uso alikuwa ameshaweka kizingitini mwangu kikombe cha chai ya rangi na vitumbua viwili. Hatukuwa tumepatana hivyo. Ilikuwa tabia yake. Mchana nilikaa kwenye baraza yake ya mbele nikifungua redio za watu, na wanaume waliokuja kusubiri redio zao walibaki kuzungumza, nikawa nasikiliza: nani kafungua duka, nani kaachishwa kazi kwenye shirika, nani kaonekana anavua pweza amevaa koti la mitumba la manyoya.

Hapo barazani ndipo niliposikia habari ya mbwa wa karatasi. Kulikuwa na kampuni ya wageni waliokuwa wakipima ardhi, na walipomaliza kazi walibomoa kambi, wakaondoka, wakawaacha mbwa wao watatu. Wakati huohuo mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mtu katika kijiji cha jirani, na gari lilipita na kipaza sauti likitangaza kwamba mbwa yeyote asiye na mwenyewe atapigwa risasi. Mwalimu mmoja wa kujitolea katika sekondari, mwanamke wa Kizungu mrefu aliyekuwa akiendesha baiskeli ya kiume, jina lake Karina, aliwachukua wale mbwa watatu nyumbani kwake, akashirikiana na Bwana Mifugo wetu kuwachanja, na wakaanzisha mpango wao. Mtu angetia saini karatasi, amlee mbwa kwa wiki sita, kwa kujitolea. Akimshinda, anamrudisha bila lawama. Akimpenda, anaandikishwa, na mbwa anakuwa wake.

“Siku hizi kila kitu ruksa,” mzee mmoja alisema pale barazani. “Hata mbwa analelewa kwa karatasi. Mimi wanangu sita, hakuna aliyeniletea karatasi.”

Nilikwenda kuangalia kwa udadisi tu. Sikuelewa kwa nini mtu aandike karatasi kwa ajili ya mbwa, na kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Mbwa wawili wakubwa walikuwa wameshachukuliwa na mwenye shamba la minazi. Alibaki mmoja, jike, mfupi, mwenye miguu kama ya kigoda na manyoya magumu, rangi ya makuti makavu. Mwalimu alisema ni mbwa wa aina ya teria, kwao huwindia panya na sungura. Uso wake ulikuwa na ndevu na sharubu zilizotoka pande zote, juu yake macho mawili meusi yaliyokutazama kana kwamba ni zamu yako kusema.

“Huyo mbwa au brashi ya viatu?” mtu akauliza.

“Jike lina sharubu kumshinda babu yangu!”

“Sharubu!” watu wakaitikia, na jina likamkaa hapohapo.

Bwana Mifugo, mtu mnene aliyependa mzaha, alinyanyua kamba. “Haya, nani mwanamume?” Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nadhani nilitaka watu wanione. Nilitaka pia kumzoea mwalimu anikopeshe vitabu. Nikajitokeza.

“Unakaa wapi?” mwalimu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole. “Mwenye nyumba amekubali?”

“Amekubali,” nikasema. Sikuwa nimemuuliza. Mwenye nyumba alikuwa Mwislamu aliyeswali swala tano, anayepika chakula cha kuuza, na mimi Mmakonde Mkristo nilikuwa nampelekea mbwa.

Bi Zuhura alitukuta mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

“Anselmi, hicho nini?”

“Mbwa, mama.”

“Naona ni mbwa. Nauliza kinatafuta nini mlangoni kwangu.”

Nikamweleza. Nikamsomea karatasi, kwa kuwa yeye alisoma herufi za Kiarabu tu. Nilipofika kwenye maneno “amekabidhiwa kumlea”, akanikatisha.

“Umetia saini?”

“Nimetia.”

“Bila kuniuliza.”

“Bila kukuuliza, mama. Nisamehe.”

Yeye na mbwa, wote wawili wakanitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la chokaa, akapita uani akichora mstari mweupe kutoka jiwe la kufulia hadi ukutani. Banda la kuni na choo vikabaki upande mmoja, jiko na kisima upande wa pili. “Kule kwake, huku kwangu,” akasema. “Nisikilize vizuri, mwanangu. Mimi simchukii mnyama, Mungu kamuumba. Ila mate yake yakigusa chombo changu, chombo kimenajisika. Likitokea hilo, uje uniambie. Chakula nitamwaga, chombo nitakiosha mara saba, moja kwa udongo, yamekwisha. Hata sitakugombeza. Lakini usinifiche. Mimi nalisha watu.”

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana. Yalikuwa marahisi. Alikuwa amenipa dawa kabla ya ugonjwa.

Wiki zile sita zilikuwa njema kuliko nyingi nilizowahi kuishi. Sharubu aliujua mstari siku ya pili. Alilala juu yake, pua upande wa Bi Zuhura na mwili upande wake, akitazama vitumbua vikigeuzwa. Aliua panya wa banda la kuni mmoja baada ya mwingine, akawapanga kwenye mstari kama mtu anayeleta hesabu ya kazi, na panya ndio waliokuwa wakimtobolea Bi Zuhura magunia ya mchele. Mama wa watu alijifanya haoni. Lakini vichwa vya samaki vilianza kuonekana asubuhi juu ya kipande cha bati, upande wa Sharubu wa chokaa, vimepangwa vizuri. “Paka wa jirani anaviangusha,” alisema nilipouliza. Jirani hakuwa na paka. Mchana Sharubu alikuja kukaa chini ya meza yangu ya redio barazani, na nilimzungumzisha. Nilikuwa mtu wa kusema na kila mtu na kutokuwa na mtu wa kusema naye, kama mnaelewa. Yeye alisikiliza kwa sharubu zote.

Wiki ya sita ilipokwisha nilikwenda naye ofisini kwa Bwana Mifugo, nikaandika jina langu chini ya neno “mmiliki”. Mwalimu Karina alinipa mkono kwa furaha kama mtu aliyepata mkwe. Bwana Mifugo akamfunga Sharubu mkanda mwekundu wa ngozi, safari hii bila mzaha. “Huu ndio uhai wake,” akaniambia. “Watu wa bunduki wakipita, mwenye mkanda wanamwacha. Asiye nao hawaulizi.” Kweli, asubuhi kadhaa tulikuwa tumesikia milio upande wa machinjioni. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilimsomea Bi Zuhura karatasi ya pili neno kwa neno, hadi pale pa “mmiliki: Anselmi”. “Sasa una familia,” akasema.

Ramadhani ikaingia. Mwalimu alikwenda Dar kwa likizo. Bi Zuhura aliongeza unga, maana nusu ya mtaa walifuturu kwa vitumbua vyake. Watoto na wanawake walikuja na sahani kabla ya magharibi, wakapanga foleni hadi barazani kwangu. Mimi sikufunga, lakini mchana nilikula chumbani, mlango umerudishwa, kwa adabu. Siku ile, alasiri, Bi Zuhura alikwenda kuswali kwa jirani mgonjwa, akaacha beseni la unga uliokwisha kuumuka, limefunikwa kawa, jikoni. “Niangalizie,” aliniambia alipokuwa akipita barazani. Nikamjibu ndiyo bila kuinua macho. Nilikuwa nimefungua redio ya aina nisiyowahi kuiona, na nilikuwa nataka kujua moyo wake uko wapi. Sikuona Sharubu alipotoka chini ya meza. Panya aliyekimbia banda alikuwa amevuka mstari, na mbwa yule hakuweza kumwacha panya. Nilisikia kawa likianguka. Nilipofika jikoni panya hakuwepo, na Sharubu alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika ukingo wa beseni, anakula unga.

Nilimvuta mkanda, nikamrusha upande wake. Nikarudi kutazama. Unga wa vitumbua ukishaumuka hujaa mapovu juu, na kati ya mapovu yale kulikuwa na njia laini, upana wa ulimi. Hapo nilikuwa na jambo moja tu la kufanya, na nilikuwa nimeshaambiwa ni lipi. Nisingegombezwa. Lakini nilifikiri: atamfukuza. Nilifikiri: atasema anajua Mkristo huyu hana habari na usafi wa watu. Nilifikiri jinsi nilivyoitikia “ndiyo” bila kuinua macho. Nikachukua mwiko wake, nikakoroga. Njia ya ulimi ikapotea. Nikafunika kawa, nikasuuza mwiko, nikaurudisha kwenye ndoano, nikaenda kukaa kwenye redio yangu. Mikono yangu ilikuwa imara kabisa. Nakumbuka niliunga waya mwembamba kama unywele na sikukosea.

Kabla ya magharibi walikuja na sahani zao. Niliwaona wote, kwa kuwa walipita mbele yangu. Niliiona hata sahani ya mzee wa msikitini ikipelekwa kwake, imefunikwa kitambaa cheupe. Adhana ilipotoka mtaa mzima ulinyamaza kwa pamoja, kama unavyonyamaza watu wakiweka kitu cha kwanza mdomoni baada ya siku nzima. Bi Zuhura akaniletea viwili vyangu.

“Mbona huli?”

“Tumbo, mama.”

Akaenda kunichemshia tangawizi.

Kilichonifichua ni zile sharubu. Mimi sikumkagua, nilikuwa nakwepa hata kumtazama. Asubuhi jirani yetu Mama Mwajuma, mwanamke wa maneno mengi, alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia, akasimama kwenye mstari, akacheka.

“Zuhura! Mbwa wa mpangaji wako kaota mvi kwa usiku mmoja?”

Sharubu alikuwa amekaa pale, ndevu zimekauka, nyeupe, zimesimama kama zilizopigwa wanga. Bi Zuhura alikuja. Alichutama kwenye mstari bila kuuvuka, akainamisha uso, akavuta pumzi.

“Nazi,” akasema. “Na iliki.”

Kicheko cha Mama Mwajuma kikakatika. Bi Zuhura akasimama, akanigeukia. Nilikuwa mlangoni pa chumba changu na kikombe cha chai yake mkononi.

“Anselmi. Jana nilikuachia jiko. Ulijua?”

“Sikujua, mama.”

“Hukujua.”

“Sikujua. Na mbwa mwenyewe si wangu. Wa mwalimu. Mimi namshikia tu.”

Sharubu aliisikia sauti yangu, akatikisa mkia. Bi Zuhura alinitazama, mwanamke niliyemsomea ile karatasi kwa kinywa changu mwenyewe, akasema, “Haya.” Akavaa baibui lake, akatoka.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kila aliyemuuzia jana, alimwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla Mama Mwajuma hajafika. Hakusema “mbwa wa Anselmi”. Nilikuja kujua kwamba alisema, “Jikoni kwangu imetokea hitilafu.” Mzee wa msikitini alimjibu kwamba asiyejua hana dhambi na saumu za watu ziko salama, waoshe vyombo tu. Basi saa nne uani palijaa sahani za watu, wengine wamezileta kwa vidole viwili. Akachota udongo safi, akajaza ndoo, akaanza. Mara saba kila sahani. Mara saba beseni, kikaango, mwiko. Maji ya kisima alikuwa akiyavuta mwenyewe, akiwa na saumu, jua likiwa utosini. Nilikuwa barazani. Kutoka kwenye kiti changu hadi kisimani zilikuwa hatua kama ishirini. Nilijiambia kwamba mikono yangu imemgusa mbwa, kwa hiyo nisiguse ndoo. Nilijivika dini ya watu ili nisisimame. Nilipoona amemaliza kuvuta maji, nilikwenda upande wa banda, nikamshika Sharubu, nikamvua mkanda, nikamsugua ndevu kwa sabuni ya dukani yenye harufu ya matunda, kama mtu anayefua shati baada ya kushikwa. Nilisikia Bi Zuhura anakuja, nikausukuma mkanda mfukoni ukiwa umelowa, nikaondoka.

Jioni alipika tena, kwa vyombo vilivyooshwa, unga mpya. Akaweka meza. Walikuja wawili, mmoja wao mzee wa msikitini mwenyewe, ambaye nadhani alikuja makusudi. Wengine walipita upande wa pili wa njia na sahani zao, wakielekea kwa mwingine. Kijana mmoja kwenye baraza ya duka la video aliita, “Bi Zuhura! Leo vya kuku au vya mbwa?” na wenzake wakaangua kicheko. Yeye alimjibu, “Vya mchele, baba, karibu,” kwa sauti yake ileile. Adhana ikatoka. Akafuturu peke yake, sinia limejaa mbele yake. Kisha akaniletea viwili.

“Kula. Hivi ni safi.”

Nikala. Akabaki amesimama.

“Wasipokuja kesho, watakuja keshokutwa,” akasema. “Watu hawafi njaa kwa ajili ya mbwa.” Akatupa jicho jikoni. “Jana nilikuta mwiko umelowa. Nikadhani nimezeeka, nimesuuza nikasahau.”

Angenifukuza ningepona. Akachukua sahani yangu, akaenda, na asubuhi, wakati yeye amejilaza kidogo baada ya swala, nilikuwa kwenye kona ya soko na kiboksi changu.

Sasa ndilo lile jambo la Rukia. Kwenye kibao cha wateja, akingoja kioo chake, aliniambia kwamba mama yake aliamka akakuta chumba wazi na mbwa amekaa mlangoni. Watu wa bunduki walikuwa wametangaza kupita juma lile. Aliutafuta mkanda banda zima, akahisi labda panya wameuburuta. Alipoukosa alifungua sanduku lake, akatoa kisutu chake cha harusi, ile khanga yenye wekundu, akachana pindo lake, akamfunga mbwa shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaenda kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Akafanya hivyo kila pindo lilipochakaa. “Kisutu chote kiliishia kwa yule mbwa,” Rukia alisema. “Mwalimu aliporudi alitaka kumchukua, mama akakataa. Akasema, huyu ni amana ya mpangaji wangu, atarudi. Alikaa naye miaka tisa. Na wateja walirudi, kaka, usihuzunike. Kabla ya Idi walikuwa wamerudi.” Alisema usihuzunike kwa sababu aliniona. Hakujua alichokuwa akikiona.

Miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa nilipita njia panda ya Nangurukuru, ya kuingilia Masoko, mara nyingi, na kila mara nilitazama upande wa pili wa basi.

Siku ile niliyoondoka, lori la chumvi lilifika Somanga mchana. Mvua ilikuwa imekata barabara mbele, upande wa Rufiji, na magari yalikuwa yamejipanga pembeni, madereva wamelala kwenye vivuli vya magari yao. Dereva wetu akazima injini, akasema hapa ni leo, kesho, hata wiki, kila mtu ajitafutie. Sikuwahi kufika Somanga. Nilizunguka kama nilivyozoea kuzunguka mahali papya, nikitazama, na udadisi ulianza kunirudia, na nilifurahi kuusikia. Nilipata nyumba ya udongo yenye vyumba vya wasafiri. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya kiua, ameketi anasuka ukili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Rufiji imekukwamisha?”

“Imenikwamisha.”

“Uko na nani?”

“Peke yangu.”

Akaniambia kama sifungi kuna wali wa jana na samaki, nyuma ya pazia. Nilikula sahani nzima. Samaki alikuwa mzuri. Wakati nakula nilimsikia dereva mwingine nje akiita watu: gari lake linageuza, linarudi Masoko sasa hivi, nafasi zipo. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, nikashika ngozi yenye unyevu. Nikautoa. Mkanda mwekundu, bado una harufu ya sabuni ya matunda. Nilijua mara moja maana yake. Sitajidanganya kwamba sikujua. Mbwa alikuwa mtupu shingoni.

Mzee alichungulia kwenye pazia. “Hiyo ya mbwa?”

“Nimeiokota njiani,” nikasema.

“Ngozi nzuri.”

Dereva aliita mara ya pili, akaita ya tatu, kisha injini ikawaka. Mzee akanionyesha chumba: kitanda cha kamba, kidirisha, ukuta uliopakwa vizuri. Mlango haukuwa na komeo, ila misumari miwili, mmoja kwenye ubao na mmoja kwenye fremu. “Mbuzi wanaingia,” akaniambia. “Tafuta kitu ufungie.” Nikaupitisha mkanda kwenye misumari, nikaukaza, nikaingiza kishikizo chake tundu la mwisho. Ulitosha kabisa. Gari la kurudi Masoko lilipita mbele ya nyumba, nikalisikia hadi likatokomea, kisha nikajinyoosha kitandani, nikalala usingizi mzito hadi adhana ya alasiri.